Maswali ya Wasomaji: Asilimia Imeshuka, Kazi Ziko Wapi?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia takwimu za ajira katika majiji madogo, yaani yale ambayo kitovu chake na vitongoji vyake kwa pamoja vina watu laki chache tu, na ikasema kwa kupita kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kushuka pasipo mtu yeyote kuajiriwa. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita na kuzifupisha. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa, kwa kuwa nyingine zote zinaizunguka.

Swali: Ndugu Mhariri, mmeandika kwamba asilimia ya wasio na ajira inaweza kupungua bila kazi kuongezeka. Jambo hilo limenitatiza. Kama waliokuwa hawana kazi mwezi uliopita bado hawana, asilimia imeshukaje?

Jibu: Ndugu msomaji, mtego uko katika neno lenyewe. Kwenye mazungumzo yetu ya kila siku, asiye na ajira ni yeyote ambaye hana kazi, lakini kwa mtakwimu maana yake ni finyu zaidi. Kwa mujibu wa kanuni zilizopitishwa mwaka 1982 katika mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi, chini ya Shirika la Kazi Duniani, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira endapo ametimiza masharti matatu kwa pamoja: hakufanya kazi ya kipato katika wiki inayoulizwa, yuko tayari kuanza kazi ikipatikana, na amechukua hatua ya kuitafuta katika kipindi cha karibuni, ambacho kwa kawaida ni wiki nne. Aliyekosa sharti la tatu hahesabiwi, hata kama anaitamani kazi kuliko mwingine yeyote. Huyo huwekwa nje ya nguvukazi, yaani nje ya jumla ya wenye kazi na wanaoitafuta, katika kundi moja na wastaafu, wanafunzi na wanaolea watoto nyumbani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme jiji lina nguvukazi ya watu 60,000, na kati yao 3,000 hawana ajira. Asilimia ni 5. Mwezi unaofuata watu 600 miongoni mwa hao 3,000 wanapata kazi. Wasio na ajira wanabaki 2,400, nguvukazi inabaki 60,000, na asilimia inakuwa 4 kamili. Hiyo ndiyo picha inayotujia sote tunaposikia kwamba kiwango kimeshuka.

Lakini tuseme hao 600 hawakupata kazi. Wametuma barua za maombi mwaka mzima, hawakujibiwa, nao wamechoka na kuacha kutafuta. Wasio na ajira wanakuwa 2,400 vilevile, ila nguvukazi nayo imepungua hadi 59,400. Gawanya: unapata asilimia 4.04. Tuseme tena kwamba hawakukata tamaa bali walifunga virago na kuhamia jiji kubwa. Hesabu ni ileile, 4.04. Gazeti litaandika “asilimia 4” katika hali zote tatu, na msomaji hatakuwa na njia ya kutambua kama jiji limeajiri watu 600, limewakatisha tamaa, au limewapoteza.

Waliosoma hesabu za sehemu watakumbuka kwamba juu ya mstari kuna kiasi na chini yake kuna asili. Watu wengi huangalia kiasi peke yake na kusahau kwamba asili nayo inasogea. Katika taifa kubwa mienendo ya namna hii humezwa na wingi wa watu, na wanaohama kutoka mji mmoja kwenda mwingine bado wamo katika hesabu ya nchi. Katika jiji dogo hakuna cha kuwameza. Aliyeondoka ameondoka.

Dawa yake si ngumu. Pamoja na asilimia, tafuta idadi ya walio na kazi. Katika mfano wetu idadi hiyo ilikuwa 57,000 mwanzoni. Watu 600 walipoajiriwa ilipanda hadi 57,600, na walipokata tamaa au kuhama ilibaki palepale. Namba hii ya pili kwa kawaida imechapishwa katika jedwali lilelile, safu moja au mbili tu pembeni ya asilimia, na inashangaza jinsi isivyosomwa.

Kinyume chake pia hutokea, nacho huwachanganya hata wanasiasa. Tuseme jiji hilohilo limepata kazi mpya 500, habari zimeenea, na watu 1,000 waliokuwa wamekaa nyumbani wamerudi kutafuta. Nguvukazi sasa ni 61,000, wenye kazi ni 57,500, wasio nazo ni 3,500, na asilimia imepanda kutoka 5 hadi 5.7. Mambo yamekuwa mazuri na takwimu inaonekana mbaya. Meya wa jiji hilo atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza, ingawa kwa mara hii atakuwa anasema kweli.

Swali: Nimeishi katika jiji langu miaka mingi na sijawahi kuona mtu akibisha mlangoni kuniuliza kama nina kazi. Hizi namba hutoka wapi?

Jibu: Hutoka kwa wachache wanaowakilisha wengi. Nchini Marekani, kwa mfano, utafiti wa kaya unaotumika kukadiria ukosefu wa ajira huchukua sampuli ya kaya zipatazo 60,000 kwa mwezi kwa nchi nzima, na maswali huhusu wiki ambayo ndani yake imo tarehe 12. Dodoso halimwulizi mtu moja kwa moja kama hana ajira. Linamwuliza kama wiki ile alifanya kazi yoyote ya malipo, na kwa kanuni za kimataifa hata saa moja inatosha kumhesabu kuwa na ajira. Mama aliyefua nguo za jirani kwa malipo asubuhi ya Jumanne, kisha akazunguka ofisi tano akitafuta kazi kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, ataandikwa kuwa ana ajira.

Ukigawanya kaya 60,000 kwa nchi nzima, jiji dogo hupata kaya chache mno, na pengine lisipate hata moja. Kwa hiyo namba ya jiji haitokani na kuhesabu bali na kukadiria: watakwimu huchanganya matokeo ya utafiti wa jimbo, idadi ya waliojiandikisha kudai mafao ya kukosa kazi, orodha za mishahara ya waajiri na makadirio ya idadi ya watu. Ni kazi ya uangalifu, lakini ni makadirio, na ndiyo maana hurekebishwa mwezi unaofuata na tena mwaka unapokwisha.

Hata pale ambapo jiji lina sampuli yake, udogo wake ni tatizo. Ukihoji watu 400 walio katika nguvukazi, asilimia 5 ni watu 20 tu. Wakipatikana 24, umefika asilimia 6. Watu wanne wa ziada, ambao pengine walikutwa nyumbani kwa bahati tu, wanaweza kuzaa kichwa cha habari kisemacho kwamba ukosefu wa ajira umepaa. Kitakwimu, asilimia 5 ya sampuli ya ukubwa huo inaweza kumaanisha chochote kati ya 3 na 7. Mimi binafsi sisomi badiliko la mwezi mmoja katika jiji dogo. Nasubiri miezi mitatu au minne ielekee upande mmoja ndipo niseme kuna mwelekeo.

Swali: Kwa nini mdororo wa uchumi unapotokea, baadhi ya majiji madogo huporomoka kuliko nchi yenyewe, kisha mengine hupona haraka ajabu?

Jibu: Kwa sababu mayai yote yamo kapu moja. Mfano ambao wachumi hawachoki kuutaja ni Elkhart, katika jimbo la Indiana nchini Marekani. Jiji hilo na viunga vyake ndiyo kitovu cha kuunda magari ya kuishi, yale makubwa yenye kitanda, jiko na choo ambayo familia husafiria wakati wa likizo. Fikiria bidhaa hiyo ilivyo. Hakuna anayeihitaji ili aishi, wengi huinunua kwa mkopo, na inakunywa mafuta. Mwaka 2008 mikopo ilipoadimika, mafuta yakapanda bei na watu wakaanza kuhofia kazi zao, hilo ndilo lilikuwa la kwanza kuahirishwa. Kwa takwimu zilizotolewa wakati ule, asilimia ya wasio na ajira ilipanda kutoka 4.7 hadi 15.3 ndani ya mwaka mmoja. Rais Barack Obama alikwenda huko tarehe 9 Februari 2009, wiki tatu hazijatimia tangu aapishwe, na bado hali ilizidi kuwa mbaya hadi kukaribia asilimia 20. Aliporudi tarehe 1 Juni 2016, kiwango kilikuwa karibu na asilimia 4.

Angalia jinsi kiwanda kinavyoburuta vingine. Wanaounda magari hayo wanapopunguzwa, watengenezaji wa viti, madirisha na matangi nao hukosa oda. Halafu hufuata kinyozi, fundi, mwuza chakula na mwenye nyumba ya kupanga. Mchumi Enrico Moretti, katika utafiti wake wa mwaka 2010 kuhusu majiji ya Marekani, alikadiria kwamba kila kazi moja mpya ya kiwandani huambatana na kazi nyingine 1.6 za huduma katika jiji hilohilo. Mnyororo huo huvuta kwenda juu, na ukikatika unavuta kwenda chini.

Sasa, kuhusu kupona haraka. Kuna kupoteza kazi kwa kusimamishwa kwa muda na kuna kupoteza kazi kwa sababu kazi yenyewe imekufa. Aprili 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga shughuli, kiwango cha Marekani kwa jumla kilifika karibu asilimia 15. Katika eneo la Kahului kwenye kisiwa cha Maui, ambalo linaishi kwa watalii, na la Kokomo huko Indiana, ambalo linaishi kwa viwanda vya vipuri vya magari, kilivuka asilimia 30. Majiji hayo mawili yalianguka pamoja lakini hayakuinuka pamoja. Viwanda vya Kokomo vilipofunguliwa, wafanyakazi waliitwa kwenye mashine zilezile walizoziacha, na asilimia ikaporomoka ndani ya miezi michache. Maui ilibidi isubiri ndege zirudi kujaa. Kwa hiyo unaposoma kwamba jiji limepoteza kazi 2,000, swali la kwanza liwe kama mwajiri amefunga mlango kwa komeo au ameung'oa kabisa.

Swali: Takwimu za jiji letu hupanda kila mwaka miezi ileile, na kila mwaka viongozi huitana mikutano ya dharura. Je, ni dharura kweli?

Jibu: Huenda si dharura bali ni kalenda. Yuma, katika jimbo la Arizona, huzalisha sehemu kubwa sana ya mboga za majani zinazoliwa Marekani wakati wa baridi. Kazi ya kuvuna na kufungasha hushamiri kuanzia Novemba hadi karibu Machi, kisha jua kali huingia, mashamba hulala, na asilimia ya wasio na ajira hupanda hadi kileleni katikati ya kiangazi. Mtu akilinganisha Februari na Julai atadhani jiji limepatwa na msiba.

Linganisha mwezi na mwezi mwenzake wa mwaka uliopita, Julai kwa Julai. Zipo pia takwimu zilizorekebishwa kuondoa athari za msimu, lakini kwa majiji madogo si kila ofisi huzitoa, na jedwali linalotangulia kutoka mara nyingi ni lile ambalo halijarekebishwa. Soma maandishi madogo juu ya jedwali.

Swali: Kiwanda kikubwa cha jiji jirani kimefungwa, lakini asilimia iliyopanda ni ya jiji letu. Je, wamekosea mahali?

Jibu: Hawajakosea. Ukosefu wa ajira huhesabiwa mtu anakolala, si anakofanyia kazi. Kama watu 800 kutoka kwenu walikuwa wakienda kufanya kazi kwa jirani kila asubuhi, siku kiwanda kinapofungwa jirani hupoteza nafasi 800 katika hesabu ya waajiri, na ninyi mnapata watu 800 wasio na ajira katika hesabu ya kaya. Hizo ni hesabu mbili tofauti na kila moja ni sahihi kwa jambo lake.

Ni kwa sababu ya misafara hiyo ya kila siku ndipo mipaka ya kitakwimu ya jiji haifuati mipaka ya halmashauri. Marekani huanza na kitovu cha mji chenye watu wasiopungua 50,000, kisha huunganisha wilaya za jirani endapo angalau robo ya wafanyakazi wake huenda kufanya kazi kwenye wilaya za kitovu, au endapo robo ya kazi zake hufanywa na watu watokao huko. Mipaka hiyo hupitiwa upya baada ya kila sensa, kwa hiyo anayelinganisha asilimia ya leo na ya miaka 20 iliyopita ahakikishe kwanza kwamba anazungumzia eneo lilelile.

Umbali wenyewe unaweza kuwa wa kushangaza. Mnamo tarehe 23 Desemba 2008, kiwanda cha General Motors katika jiji la Janesville, Wisconsin, kilisimamisha uundaji wa magari baada ya miongo mingi. Baadhi ya wafanyakazi walipewa nafasi katika kiwanda cha kampuni hiyohiyo kule Fort Wayne, Indiana, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Hawakuhamisha familia, kwa kuwa watoto walikuwa shuleni na nyumba ilikuwa haiuziki. Waliondoka mwanzo wa wiki, wakapanga chumba kwa kushirikiana, wakarudi mwisho wa wiki kufua nguo na kuondoka tena. Kwa mtakwimu, mtu wa namna hiyo ni mkazi wa Janesville mwenye ajira. Hesabu haikudanganya, ila haina safu ya kuandika kwamba mtoto humwona baba yake siku mbili kwa wiki.

Swali: Mimi ni mama wa kijana aliyemaliza chuo mwaka huu. Anataka kuondoka, nami namwambia abaki kwa sababu asilimia ya wasio na ajira hapa kwetu ni ndogo kuliko ya taifa zima. Je, nimemshauri vizuri?

Jibu: Mama yetu, umemshauri kwa upendo, lakini umetumia namba isiyotosha kubeba ushauri huo. Jiji linaweza kuwa na asilimia ndogo kwa sababu kazi ni nyingi, na linaweza kuwa nayo kwa sababu vijana wa rika lake wamekwisha kuondoka na waliobaki ni wazee na wale ambao tayari wana kazi. Mwaka 1992 wachumi Olivier Blanchard na Lawrence Katz walichunguza majimbo ya Marekani yaliyopatwa na pigo la ajira, wakaona kwamba kiwango cha wasio na ajira hurudi katika hali ya kawaida baada ya miaka kama sita au saba. Kilichokirudisha kwa sehemu kubwa hakikuwa waajiri wapya kuja, bali wafanyakazi kuhama. Kazi zilizopotea hazikurudi. Ni kweli kwamba tafiti za baadaye zimeonyesha watu hawahami tena kwa wepesi uleule, hasa wasio na elimu ya juu, lakini kijana wako amesoma, na waliosoma ndio wanaohama zaidi.

Asilimia hiyo pia haisemi chochote kuhusu aina ya kazi. Mhandisi anayeuza vocha za simu saa kumi kwa wiki huku akitafuta kazi ya taaluma yake anahesabiwa kuwa na ajira, sawasawa na mhandisi aliye kazini kwa mkataba wa kudumu. Nchi kadhaa huchapisha vipimo vipana vinavyowajumuisha wanaofanya kazi kwa saa pungufu bila kupenda na wale waliokata tamaa ya kutafuta, lakini vipimo hivyo mara nyingi huishia ngazi ya taifa au ya jimbo, kwa sababu sampuli ya jiji dogo haiwezi kuvibeba.

Ningekushauri, kabla hamjaamua, mfanye uchunguzi wenu wawili. Kwanza mtazame idadi ya walio na kazi katika jiji lenu kwa mwezi uleule katika miaka mitano iliyopita, na kama imegawanywa kwa sekta, mtazame sekta aliyosomea yeye. Pili, mwambie aandike majina ya watu 20 waliomaliza fani yake miaka miwili au mitatu kabla yake, kisha awatafute mmoja mmoja kwa simu: nani amebaki, anafanya nini, ilimchukua miezi mingapi kuipata hiyo kazi, na aliyeondoka alikwenda wapi. Ni sampuli ndogo, na nimekwisha kusema hapo juu jinsi sampuli ndogo zinavyoweza kupotosha. Lakini hawa 20 wamesoma alichosoma yeye na wametafuta kazi pale anapotaka kuitafuta, na ofisi ya takwimu haina jedwali linalokaribia hapo.